Bibi wa Jumanne na Kiti cha Mbele

Kwetu mtoto akizaliwa hugawanywa kwa siku za kazi. Mama ana siku yake, baba ana yake, bibi wawili wanapewa moja moja, na siku inayobaki anapelekwa kituo cha watoto. Mimi, Geeske, nilipewa Jumanne. Aleida, mama yake mkwe wangu Marloes, alipewa Alhamisi. Mjukuu tunayemgombea anaitwa Fenna, na nikisema tunamgombea, sitanii.

Mwanzoni sikuwa na neno na Aleida. Tulikuwa tukikutana tunapeana mabusu matatu ya mashavuni, tunasema hali ya hewa ni mbaya, basi. Roho ilianza kuniuma siku aliponunua ile baiskeli. Si baiskeli kama yangu, ya magurudumu mawili na cheni inayolalamika. Yake ina magurudumu matatu, inakwenda kwa umeme, na mbele ina sanduku la mbao lenye paa la turubai. Ndani ya sanduku unafunga kile kiti cha gari cha kichanga kwa mikanda, mtoto analala chali, nawe unakwenda zako. Kwa hiyo Fenna hajakaza hata shingo sawasawa, na tayari kila Alhamisi anatembezwa mji wetu wote wa Zutphen, kwenye tuta la mto, kwa bata, kwa kila mwenye macho. Na mimi Jumanne nasukuma kigari kwa miguu, nimevimba kama unga wenye hamira.

Tena alikuwa akipita chini ya dirisha langu. Kutoka kwake kwenda mtoni iko njia fupi, lakini yeye alizunguka kwangu, akapiga kengele, akapunga mkono. Mtu mwenye moyo safi angesema alitaka mtoto amwone bibi yake. Moyo wangu si safi kiasi hicho. Nilisema huyu anajishaua.

Baiskeli yangu mimi inataka mtoto anayekaa. Kiti chake kinafungwa mbele, kati ya usukani na siti. Kina mikanda, kina mahali pa kuwekea vijiguu, kina kioo kidogo cha kukinga upepo. Mtoto anakaa katikati ya mikono yako na mnaitazama njia pamoja. Ndivyo nilivyomlea Hidde, mwanangu, na dada yake: mmoja mbele, mmoja nyuma kwenye keria, mfuko wa viazi unaning'inia usukanini, na mvua inatupiga ubavuni. Cha Fenna nilikinunua angali tumboni. Kilikuwa ukumbini kwangu, kimeshafungwa kwenye baiskeli, na sikuweza kupita bila kukigusa.

Lakini Marloes alikuwa na sheria yake.

"Mpaka akae mwenyewe, Mama," alisema. "Bila kushikwa, bila mto, na akigeuka kutazama kitu asianguke. Nesi wa kliniki kasema hivyo na mimi nasema hivyo. Mgongo wake bado laini. Ukimpitisha kwenye yale mawe ya barabara za mjini atateguka shingo."

"Hidde alikaa na miezi sita."

"Kila mwaka Hidde anakaa mapema zaidi. Mwaka jana ulisema saba."

Hidde alikuwa pale pale, akajifanya anatafuta kitu kwenye friji. Wanaume wa kwetu friji ndiyo kimbilio lao.

Basi nikaanza mazoezi. Kila Jumanne nilitandika zulia, nikaweka mto kushoto, mto kulia, mto mkubwa nyuma, nikamkalisha Fenna katikati na mwiko mkononi. Akakaa kama mwenyekiti wa kikao! Nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia kwenye simu. Wote wakaweka mioyo. Aleida peke yake ndiye aliyeandika, na aliandika maneno mawili: "Mito mizuri." Nilikaa na kijembe hicho tumboni siku nzima.

Mwezi wa nne ikafika siku ya kuzaliwa ya Hidde. Tuliweka viti duara sebuleni, kama kawaida, kila aliyeingia akazunguka kumpongeza kila mtu: hongera ya mwanao, hongera ya mumeo, hongera ya jirani yako. Keki kipande kimoja kimoja. Nikaona hapa ndipo mahali pake. Nikambeba Fenna nikamweka katikati ya duara, nikamzungushia mito, nikatangaza.

"Jamani, Fenna anakaa."

"Anakaa au anaegemea?" akauliza Aleida kutoka kwenye kiti chake.

"Anakaa."

"Basi ondoa mito, mkwe."

Ningefanyaje? Watu wote walikuwa wananitazama. Nikauvuta mto wa kulia. Fenna akaenda polepole, bila haraka yoyote, na mwiko wake mkononi, mpaka shavu likagusa zulia. Hakulia. Alilala pale akishangaa miguu ya viti. Duara zima likaangua kicheko, na kicheko cha watu waliokaa duara hakina mlango wa kutokea.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Aleida.

"Na ngojangoja huumiza matumbo," nikamjibu. "Lakini wewe utajuaje, wewe mwenye sanduku la kubebea kuni?"

"Mama!" Hidde akasimama, kisu cha keki mkononi. "Basi. Inatosha. Nawapeni sheria moja, mbele ya mashahidi. Bibi atakayemwona Fenna anakaa mwenyewe, wa kwanza, huyo ndiye atakayempandisha kiti cha mbele, wa kwanza. Akiwa Mama, sawa. Akiwa Aleida, Mama atamwazima baiskeli yake. Na tusione mto."

Watu wakapiga makofi. Aleida alinyanyua kikombe akanywa, na mimi niliyekaa karibu niliona kikombe hakina kahawa. Nikadhani ananoa kisu.

Alhamisi zikageuka mateso. Jumanne nilikuwa nalala chini kwenye zulia, uso kwa uso na mtoto, nambembeleza: kaa, mama, kaa basi, bibi yako atakufa na kiu hii. Fenna alitafuna mwiko wake. Lakini Alhamisi nilikaa dirishani na simu mapajani. Kila ikilia nilijua ni yeye: kakaa! Kakaa kwangu! Nikaona kabisa Aleida juu ya baiskeli yangu, kwenye siti yangu, na Fenna mbele yake na kile kioo kidogo, wanapita wanapiga kengele. Niliona mpaka skafu aliyovaa. Nikachukia skafu.

Tena Alhamisi hizo, wao wawili walipopita, nilianza kumtazama mtoto kwa jicho la askari wa forodha. Kichwa chake kimenyanyuka kuliko wiki iliyopita? Anashika ukingo wa sanduku? Aleida alipiga kengele akapunga, nami nikapunga, meno nje. Wivu haumzuii mtu kuwa na adabu.

Halafu ikaja Jumanne yangu. Nilikuwa namenya viazi. Fenna alikuwa zuliani, amelala kifudifudi, hana mto hata mmoja, maana kwa hasira nilikuwa nimeirudisha yote kabatini. Nikasikia anagugumia kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nikageuka. Alikuwa amejiinua kwa mkono, makalio yakarudi nyuma, mkono wa pili ukaachia, akakaa. Akanitazama. Mbwa wa jirani akabweka nje, Fenna akageuka kumtafuta mbwa, akarudi kunitazama. Hakutikisika.

Nilipiga kelele mpaka mbwa akanyamaza.

Marloes alikuja jioni, akamjaribu kwa kutikisa funguo huku na huku kama nesi mwenyewe. Hidde akanikumbatia. Wakataka apate wiki moja zaidi ya kukomaa, nami nikakubali, kwa kuwa mshindi huwa na subira. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Fenna amekaa. Kwangu. Jumanne." Aleida akajibu: "Hongera, Geeske!" na maua. Nikayasoma yale maua mara nyingi nikitafuta kijembe, sikukiona, na kutokukiona kukaniudhi.

Jumanne iliyofuata tulitoka. Upepo ulikuwa mdogo, jambo la nadra. Nikamfunga mikanda, nikamvalisha kofia, Marloes akakagua mikanda, akaikagua tena, akaenda kazini akigeuka nyuma. Nikapanda. Jamani, acheni. Kile kichwa kilikuwa pale, chini ya pua yangu. Aliushika ule usukani mdogo wa plastiki kwa mikono yote miwili, akatazama mbele, wala hakutoa sauti njia nzima. Nilipita kila mtaa wenye mtu ninayemjua, na mitaa miwili yenye watu ninaowachukia. Nilipiga kengele hata pasipo na mtu. Kama ningekufa siku ile, ningekufa nimeshiba.

Kwenye daraja kuna gari la samaki la Bertus. Bertus anauza samaki mbichi wa chumvi kwa vitunguu tangu ana nywele. Nikasimama, mguu chini, sikushuka.

"Ehee! Bibi wa Jumanne!" akaita. "Hatimaye mmepanda!"

"Umemwona? Kakaa mwenyewe. Na wa kwanza kumwona akikaa ni nani? Mimi."

Bertus akanitazama, mdomo wazi kidogo, kisha akacheka huku anafuta mikono.

"Wewe? Basi yule mwenzio ana kifua kweli kweli."

"Nani ana kifua?"

"Aleida, nani tena! Kabla yako, Alhamisi ile, pale kwenye nyasi. Alimtandikia blanketi, mimi nawapelekea samaki, huyu kajiinua kakaa, kanitumbulia macho. Nikapiga makofi. Aleida akaniambia, 'Bertus, hujaona kitu. Huyu atakaa Jumanne.' Nikafunga domo. Lakini sasa si yameisha? Nikuwekee kitunguu?"

Sikutaka kitunguu. Sikutaka samaki. Ile furaha yote niliyokuwa nimeisambaza mitaani niliiona inarudi kunicheka, mtaa kwa mtaa. Sikuwa nimeshinda. Niliachiwa, kama mtoto anayechezeshwa karata na wakubwa. Na kilichoniunguza zaidi si hicho. Ni kwamba mimi, ningekuwa mimi, nisingenyamaza. Ningepiga simu kabla mtoto hajamaliza kukaa. Aleida ana baiskeli ya umeme, ana Alhamisi, ana sanduku, na sasa hata kwa wema amenishinda! Niachiwe nini mimi?

Nikageuza baiskeli kwenda kwake.

Mtoto akiwa kwenye kiti huiachi baiskeli kwenye stendi, hata kwa dakika moja. Hilo kwetu hata mlevi analijua. Kwa hiyo nilisimama mbele ya mlango wake nimeishika, nikapiga kengele ya baiskeli na kuita jina lake mpaka pazia la jirani likasogea. Aleida akatoka. Alimtazama Fenna kabla ya kunitazama mimi.

"Kumbe akiwa juu anapendeza hivi," akasema.

"Usinibadilishie mada. Bertus kaniambia."

"Bertus ni gazeti."

"Sikukuomba sadaka, Aleida! Ulimwona wewe kwanza. Ukanyamaza ili nijione nimeshinda, nikazunguka mji mzima najisifu, kumbe mpaka samaki wananicheka."

"Samaki hawacheki, Geeske."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Akashika mwimo wa mlango. "Ningesema, halafu? Hidde angeniletea hiyo baiskeli yako hapa mlangoni, ukoo mzima umejipanga na simu wanipige picha. Ningempandishaje?"

"Kama watu wote. Unapanda, unakanyaga."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Akatazama pazia la jirani, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini sana. "Baiskeli. Siwezi tena. Ni sikio, la ndani huko, linanipa kizunguzungu. Mara ya kwanza nilianguka kwenye kona ya kanisa, nikasema ni barafu. Mara ya pili nilianguka bila kona wala barafu."

Sisi tunaendesha baiskeli kwenda kuoa na kwenda kuzika. Mwanamke wa kwetu ataanza kuficha hilo kabla hajaficha umri wake.

"Na hiyo ya sanduku?"

"Ya magurudumu matatu haipinduki. Daktari kaniruhusu. Watu wote wakadhani nimeinunua kwa ajili ya mtoto, nikawaacha wadhani."

"Kwa hiyo ile njia ya dirishani kwangu..."

"Njia fupi ina lile daraja lingine, lenye nundu. Nikilishuka naona mto umekuja juu."

"Mimi nilidhani unajishaua."

"Hilo nalo lilikuwepo kidogo," akasema Aleida.

"Marloes anajua?"

"Usimwambie. Tafadhali, mkwe. Unamjua alivyo. Akijua tu, Alhamisi yangu imekwenda."

Nitakuwa mwongo nikisema sikuiona. Niliiona waziwazi, imekaa mbele yangu kama kipande cha pili cha keki. Neno moja kwa Marloes, tena la upole, la mtu mwenye wasiwasi tu, na Alhamisi ingekuwa yangu. Jumanne na Alhamisi. Niliigeuzageuza kichwani, na ilikuwa tamu.

"Unadhani wivu unao peke yako?" Aleida akaendelea, na sasa alikuwa na hasira, macho yana maji. "Leo nimekaa dirishani tangu asubuhi nangoja mpite. Nilijua utapita, wewe ungekosaje kupita! Ukapita umenyooka kama msumari na uzee wako huo, mkono kwenye kengele njia nzima. Nikarudi jikoni nikavunja kikombe."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Fenna akapiga kioo chake kwa kiganja.

"Inakuwaje?" Aleida akauliza.

"Nini inakuwaje?"

"Akiwa hapo mbele. Marloes nilimbeba hivyo, lakini nimesahau. Mimi kwenye ile yangu ninachokiona ni turubai."

Nilitaka kumwambia ni kawaida tu. "Nywele zinanukia maziwa," nikasema. "Na zinakuwasha kidevuni."

Akatikisa kichwa kukubali, akatazama chini, akapangusa pua kwa mkono kama mtoto. Nikaona lazima nifanye kitu upesi kabla sijawa mtu mbaya.

"Njoo hapa," nikasema. "Njoo kabla sijabadili mawazo. Mimi nashuka huku, wewe shika usukani huku. Shika! Breki zote mbili. Sasa pitisha mguu. Usikanyage pedeli, usinifanyie ushujaa, miguu chini, unatembea tu. Mimi niko nyuma."

"Nikipata kizunguzungu?"

"Nyuma kuna nani?"

Akapitisha mguu. Nilizishika siti na keria kwa nguvu zangu zote, na tukaanza kwenda, hatua kwa hatua, kando ya ua wa miti ya jirani, vibibi viwili na baiskeli moja. Aleida akainamisha kichwa mpaka kidevu chake kikagusa ile kofia, kisha akaisogeza kofia kwa shavu afike kwenye nywele. Na Fenna, ambaye kwangu alikaa bubu mji mzima, akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti, akajilaza nyuma kabisa kifuani kwa Aleida, akanyoosha miguu, akacheka tena.

Kwangu hakujilaza. Wivu ukanipanda, nikaona machozi yananitoka, na sikuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa kwenye baiskeli na ningeachia wangeanguka wote wawili.

"Tumefika mwisho wa ua," Aleida akasema bila kugeuka. "Turudi?"

"Endelea," nikasema, nikasukuma.